Meli Moja, Maafa Mawili: Uhakiki wa "Poseidon" ya 1972 na ya 2006

Katika fasihi simulizi yetu hakuna fanani anayelaumiwa kwa kuirudia hadithi. Hadithi ni ya wote, na kila msimulizi ana ruhusa ya kuongeza, kupunguza, hata kuugeuza mwisho, mradi hadhira imkubalie. Fasihi andishi nayo ina mifano yake: Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, kisha mwaka 1969 akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwa hiyo, tunapoikosoa filamu ya Poseidon iliyotolewa mwaka 2006, hatusemi kwamba mwongozaji wake, Wolfgang Petersen, hakuwa na haki ya kuigusa kazi ya waliomtangulia. Swali letu ni hili: alichukua nini, na aliacha nini?

Filamu ya awali, The Poseidon Adventure, ilitoka mwaka 1972. Mwongozaji alikuwa Ronald Neame, mtayarishaji Irwin Allen, na kisa kilitokana na riwaya ya Paul Gallico ya mwaka 1969. Meli kuukuu ya abiria iko safarini kutoka New York kwenda Athens. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, tetemeko chini ya bahari linazua wimbi kubwa, na meli inapinduka chini juu. Waliokuwa wakisherehekea ukumbini wanajikuta wamelala kwenye dari, na meza zinaning'inia juu ya vichwa vyao. Hapo ndipo lugha yenyewe inapopatwa na maafa. Maneno "juu" na "chini", ambayo mtoto huyajua mapema kabisa, hayana tena pa kusimama. Anayetaka kuokoka hana budi kupanda kuelekea sehemu ya chini ya meli.

Mchungaji Scott (Gene Hackman) analazimika kulieleza jambo hili, kulirudia, kulipigia kelele. Wengi hawamsadiki, wanamwamini afisa wa meli anayewashauri wakae wangoje msaada. Wachache tu wanaupanda mti wa Krismasi kama ngazi, na punde baadaye maji yanafurika ukumbini.

Tukitazama vema, sehemu hii haina mbwembwe nyingi. Ni watu wanaojadiliana. Mchungaji anadai, afisa anapinga, mume anamtazama mkewe, na kutokana na maneno hayo wengine wanaishi na wengine wanakufa. Mgogoro huo hauishii ukumbini. Rogo (Ernest Borgnine), ambaye ni polisi, anamhoji Scott karibu kila mlangoni: nani alimpa uongozi? Baadaye wanakutana na kundi jingine linaloelekea upande wa pili wa meli, likiongozwa na daktari, na Scott anashindwa kuwageuza. Kwa kitambo mtazamaji hana hakika ni nani aliye sahihi. Hata mahubiri ya Scott kabla ya ajali, kwamba Mungu anawataka wanaopigana na si wanaopiga magoti tu, yanapata mpinzani anayestahili heshima: kasisi mzee anayechagua kubaki na majeruhi. Filamu haimdhihaki mzee huyo. Na mwishoni Scott, akining'inia kwenye gurudumu la valvu ya mvuke, anagombana na Mungu mwenyewe kabla ya kujiachia.

Petersen hakuwa mwanagenzi. Ndiye aliyeongoza Das Boot (1981), filamu ambayo watu waliofungiwa ndani ya nyambizi wanachoshana, wanachukiana na kupendana mbele ya macho yetu. Kwa sababu hiyo tulitarajia mengi kwake, na kwa sababu hiyo tunasikitika zaidi. Safari hii alipewa bajeti ya dola milioni 160 hivi, na fedha hizo zinaonekana: maji yana uzito, moto unatisha, na wimbi lililoundwa kwa kompyuta linaifunika meli kwa namna ambayo watu wa 1972 hawangeweza kuiota. Lakini linafika mapema mno, kabla hatujajua tumlilie nani. Filamu nzima ni dakika 98. Ile ya kwanza ilikuwa 117. Dakika zilizokatwa ni za mazungumzo.

Mahali pa mchungaji pamechukuliwa na Dylan (Josh Lucas), mcheza kamari anayetaka kuondoka peke yake. Pamoja naye kuna Ramsey (Kurt Russell), aliyekuwa mzima moto na kisha meya wa New York, na Nelson (Richard Dreyfuss), msanifu wa majengo. Tazama hila ya mtunzi: ujuzi wote unaohitajika umekwisha kugawiwa, hakuna haja ya kumshawishi mtu. Mazungumzo yao ni vitenzi vya kuamuru vikifuatana: nifuate, shika, upesi, angalia. Ukiyafuta majina ya wahusika, aghalabu hutajua anayesema ni nani.

Fikiria pia vidani viwili. Katika filamu ya kwanza, Belle Rosen (Shelley Winters), bibi mnene aliyekuwa bingwa wa kuogelea ujanani, anapiga mbizi kumwokoa Scott aliyebanwa chini ya maji, kisha moyo wake unasimama. Kabla ya kukata roho anamwachia kidani chenye alama ya Kiebrania ya uhai, kimfikie mjukuu wake. Katika filamu ya pili Elena (Mía Maestro) amevaa msalaba. Msalaba huo unatumiwa kufungulia skrubu. Tunakiri kwamba tukio hilo, ndani ya njia nyembamba ya hewa huku maji yakipanda, ndilo lililotubana pumzi kuliko yote. Lakini baada ya skrubu kufunguka, msalaba hauna tena la kusema.

Kuna kosa lililo kubwa kuliko hayo. Ndani ya shimo la lifti, Valentin (Freddy Rodríguez), mhudumu wa mezani, anaushikilia mguu wa Nelson. Nelson anaambiwa amtikise aanguke, naye anafanya hivyo. Elena amepanda meli kwa siri kwa msaada wa Valentin huyo huyo. Mwandishi wa tamthilia angeiona hapa filamu nzima: msanifu tajiri anatembea kando ya mwanamke ambaye amemuulia rafiki. Petersen anapita mbio kuelekea moto unaofuata.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu zote mbili, jioni mbili mfululizo. Jioni ya kwanza walibishana juu ya Scott na yule kasisi mzee hadi mlinzi akaja kufunga ukumbi. Ya pili walilisifu wimbi, nao walikuwa na haki. Kisha nikawauliza yule mhudumu aliyesukumwa shimoni aliitwa nani. Wakatazamana. Ilinibidi niirudishe diski nyuma, kwani mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau jina lake.