Tumetoka Wapi? Tahakiki ya Simulizi la Chimbuko la Wairaqw

Mtu akifika Karatu na kuwauliza vijana waliosoma juu ya chimbuko la Wairaqw, si ajabu akajibiwa kwamba babu zao walitoka Iraki, katika nchi ya Mesopotamia. Jibu hilo hutolewa pasipo wasiwasi, na ushahidi unaotangulizwa ni majina yenyewe: Iraqw na Iraki. Sisi tunaohudumu katika Kanisa tumelisikia mara nyingi, na tumelisikia pia likiunganishwa na habari za Ibrahimu aliyetoka Uru wa Wakaldayo. Maadamu neno hili limekwisha kufika mimbarani, yatupasa kulipima. Tutaongozwa na makala ya mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal, yaliyotolewa mwaka 1998 katika jarida la Ethnology, ambayo kichwa chake chaweza kufasiriwa kuwa nadharia tete inapogeuka kisasili.

Hoja ya Rekdal ni nyepesi kuieleza na nzito kuipokea. Anaonyesha kwamba simulizi la Iraki halikuanzia kwa wazee, bali katika makisio ya waandishi wa kigeni. Makisio hayo yalipita vitabuni na shuleni, hatimaye yakawafikia wenyeji, nao wakayapokea kama urithi wa mababu. Mtafiti ajaye baadaye huyasikia kwa mwenyeji, akayaandika kama ushuhuda wa mapokeo. Hivyo kitabu kinazaa simulizi, kisha simulizi linageuka shahidi wa kitabu.

Wairaqw hawakuwa peke yao katika jambo hili. Mwaka 1904 ofisa wa Kijerumani Moritz Merker alichapisha kitabu chake Die Masai, akidai kwamba Wamaasai na Waebrania wa kale ni wa shina moja. Mwaka 1930 C. G. Seligman, katika Races of Africa, aliandika kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamu waliotoka nje ya bara hili. Ndivyo walivyofikiri wengi wakati ule: kila jambo lililowapendeza Afrika lilitafutiwa mwenyewe mahali pengine. Elimu ya lugha haituelekezi huko. Kiiraqw, ambacho sarufi yake iliandikwa kwa kina na Maarten Mous mwaka 1993, kimo katika jamii ya lugha za Kikushi, na ndugu zake wengi wako Ethiopia na Somalia. Ni kweli kwamba lugha za Kikushi zina undugu wa mbali sana na Kiebrania na Kiarabu, lakini undugu huo ni wa maelfu mengi ya miaka. Hauwezi kumpa mtu babu aliyetembea kandokando ya Frati na Hidekeli. Mfanano wa sauti za majina mawili si nasaba.

Je, wazee wenyewe husimulia nini? Mapokeo ya Wairaqw yanataja Ma'angwatay, makao ya zamani, na kiongozi aitwaye Haymu Tipe. Vijana walimteka mwanawe, wakamshurutisha baba awaletee adui wa kupigana naye. Vita vikaja kweli, watu wengi wakafa, na waliosalia wakakimbia hadi Guser-Twalay, na baadaye wakafika Irqwar Da'aw, katika milima ya Mbulu. Kutoka huko, katika karne ya ishirini, wengi walisambaa hata Karatu. Simulizi hili halijengi fahari. Linakiri kwamba watu walifukuzwa na ukaidi wao wenyewe: vijana waliotaka vita pasipo sababu, na mzee aliyeshindwa kuwazuia. Aidha Wairaqw wanayo slufay, sala ya kishairi inayotamkwa na mzee huku mkutano ukiitikia, ikiombea nchi na watu wake. Hii ndiyo fasihi iliyowalea. Mesopotamia haikuwamo.

Hapa ndipo tunapotofautiana kidogo na Rekdal, si kwa ushahidi wake bali kwa uzito wa jambo lenyewe. Kuonyesha njia iliyopitwa na kisasili ni kazi ya mtaalamu, naye ameitimiza vema. Mchungaji hana budi kuuliza zaidi: kwa nini kisasili hiki kinapendwa? Kwa maoni yetu kinapendwa kwa sababu kinatibu jeraha. Watu walioitwa Wambulu kwa jina walilopewa na wengine, na kuhesabiwa wageni kwa kuwa lugha yao haifanani na za jirani, wanapata ghafla babu katika nchi ya Biblia. Anayewanyang'anya babu huyo bila kuwapa kitu amewaacha wakiwa maskini kuliko mwanzo. Hata hivyo dawa hiyo ina sumu ndani yake, kwa maana inamfundisha Mwiraqw kwamba thamani yake ilitoka mbali, na inamfundisha kumtazama jirani yake Mbantu au Mhadzabe kama mtu asiye na babu wa maana.

Tukipanda kutoka Karatu na kupita lango la Lodoare, tunaingia Ngorongoro, na huko tunapata kielelezo cha namna nyingine. Tepilit Ole Saitoti, Mmaasai wa nyanda hizo, alitoa mwaka 1986 kitabu cha maisha yake, The Worlds of a Maasai Warrior. Nguvu ya kitabu hicho haimo katika chimbuko la mbali. Imo katika maneno ya baba anayemwandaa mwanawe kwa kisu cha tohara, katika ng'ombe anaopewa na jamaa baada ya kuvumilia, katika shule, na katika safari ya masomo Marekani na kurudi kwake nyumbani. Nafsi yake inafinyangwa na mambo yaliyompata na watu waliomtazama yakimpata. Twaweza kukikosoa, maana kiliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa New York, na kwa hiyo kinamweleza Mmaasai kwa msomaji wa ng'ambo kwanza. Lakini angalau anayesema ni mwenye maisha.

Sasa turudi kwenye Maandiko, maana ndiko lilikotafutiwa simulizi la Iraki kibali. Fundisho la Wahamu liliegemea Mwanzo 9, ingawa msomaji makini anajua kwamba aliyelaaniwa pale ni Kanaani, wala hakuna neno kuhusu rangi ya mtu. Katika Kumbukumbu la Torati 26:5 Mwisraeli aletaye malimbuko anakiri babu mhamaji, mwenye njaa, aliyeshuka Misri na watu wachache. Naye nabii Amosi (9:7) anavunja kabisa majivuno ya asili: mbele za Mungu Israeli ni kama Wakushi, na yeye aliyewatoa Israeli Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti na Washami walikokuwa. Tusirudie hapa kosa lile lile la kuokota majina. Wakushi wa Amosi walikuwa watu wa kusini mwa Misri, na wanaisimu waliliazima jina hilo baadaye sana. Ujumbe wa nabii hautegemei jina. Ni kwamba uhamaji wa kila taifa uko chini ya mkono wa Mungu.

Ikiwa ndivyo, njia ya kutoka Ma'angwatay hadi Karatu ina haki ya kuhubiriwa kama ilivyo, pamoja na aibu yake. Haihitaji kupitishwa Babeli ili itakaswe. Ndani ya Ngorongoro hiyo hiyo, nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978 zinakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.6, nchi hii haikungoja wageni ili iwe na historia.

Kwa hiyo tunawasihi ndugu wachungaji na wanafunzi wa theolojia wasilicheke simulizi la Iraki, wala wasilitie nguvu mimbarani. Kijana akiliuliza, aelezwe lilitoka kitabu gani, kisha apelekwe kwa mzee ambaye bado anaikumbuka slufay, akaisikilize na kuiandika. Mzee huyo hatakuwapo siku zote.