Kushika, Kuunga na Kupona: Uhakiki wa Vigezo vya Kulinganisha Mbinu za Skrubu katika Pingili za Kiuno

Ikisiri

Makala hii inahakiki vigezo vinavyotumika kulinganisha mbinu mbili za kuimarisha pingili za kiuno kwa skrubu, yaani njia ya jadi ya pedikeli na njia ya gamba la mfupa. Hoja kuu ni kwamba maswali matatu tofauti hujibiwa kana kwamba ni swali moja: je, skrubu imeshika? Je, mfupa umeunga? Je, mgonjwa amepona? Uhakiki unaonesha kwamba jibu la swali la kwanza halitoshi kuwa jibu la la pili, wala la pili halitoshi kuwa jibu la la tatu.

1.0 Utangulizi

Pingili tano za kiuno hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Zinapolegea, kuteleza au kuvunjika, daktari mpasuaji huweza kuzifunga kwa skrubu na vyuma ili zitulie hadi mifupa iunge. Wazo hili lina historia ndefu. Katika miaka ya 1940 Don King alieleza namna ya kupitisha skrubu fupi katika viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili. Boucher (1959) alitumia skrubu ndefu zaidi zilizoelekea kwenye pedikeli. Raymond Roy-Camille wa Ufaransa, kuanzia miaka ya 1960, aliunganisha skrubu za pedikeli na mabamba ya chuma, na njia hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya kawaida.

Tangu hapo, kila mbinu mpya imepimwa kwa kulinganishwa na ile ya pedikeli. Hata hivyo, ulinganisho hutegemea kipimo, na mchaguzi wa kipimo mara nyingi huwa amekwisha kuamua nusu ya matokeo. Kwa hiyo, makala hii haiulizi ni skrubu ipi iliyo bora, bali inauliza ubora wenyewe umepimwa kwa nini.

2.0 Njia mbili zinazolinganishwa

Pedikeli ni nguzo fupi ya mfupa, moja kila upande, inayounganisha mwili wa pingili na tao lake la nyuma. Kati ya nguzo hizo mbili umo mfereji unaopitisha neva. Katika njia ya jadi, skrubu huingilia pembeni, karibu na mzizi wa mwiba wa pembeni wa pingili, ikaelekea ndani hadi kwenye mwili wa pingili. Sehemu kubwa ya skrubu hiyo hukaa katika mfupa sponji, ambao ndio hudhoofika mapema kwa wazee na kwa watu wenye ugonjwa wa kupungua uzito wa mifupa.

Njia ya gamba, iliyochunguzwa na Santoni na wenzake (2009), huanzia karibu zaidi na mstari wa kati wa mgongo, ikaelekea juu na nje. Skrubu yake ni fupi zaidi, lakini nyuzi zake hugusana kwa wingi zaidi na tabaka gumu la nje la mfupa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mahali pa kuingilia ni karibu na mstari wa kati, misuli ya mgongo haihitaji kubanduliwa hadi pembeni sana.

3.0 Kigezo cha kushika

Utafiti wa Santoni na wenzake ulifanywa kwa pingili za maiti. Ilibainika kwamba nguvu iliyohitajika kuing'oa skrubu ya gamba kwa kuivuta moja kwa moja ilizidi ile ya skrubu ya jadi kwa asilimia 30. Matokeo haya ni ya thamani. Hata hivyo, watafiti hao hao walieleza kwamba skrubu zilipotikiswa, njia mbili hizo zilikuwa sawa.

Matokeo haya mawili hayana uzito sawa kwa mgonjwa. Skrubu iliyomo mwilini haivutwi kwa mstari ulionyooka kuelekea nje. Mtu anapoinama, kuinuka, kukaa na kutembea, skrubu husukumwa juu na chini maelfu ya mara, na hulegea kidogo kidogo ndani ya mfupa. Basi kipimo cha kutikisa ndicho kilicho karibu zaidi na maisha ya mgonjwa, na katika kipimo hicho hapakuwa na mshindi. Anayenukuu asilimia 30 peke yake ananukuu nusu ya utafiti. Tena, pingili ya maiti haina damu wala uponaji. Inaweza kueleza namna skrubu inavyoshika siku ya kwanza, lakini haiwezi kueleza mfupa utakuwaje baada ya mwaka.

4.0 Kigezo cha kuunga

Fischgrund na wenzake (1997) waliwagawa kwa nasibu wagonjwa wenye pingili iliyoteleza kutokana na uchakavu, pamoja na mfereji wa neva uliobanwa. Wote walipanuliwa mfereji na kupandikizwa mfupa. Kundi moja liliongezewa skrubu za pedikeli na jingine halikuongezewa. Baada ya miaka miwili, wagonjwa 67 walipochunguzwa, mfupa ulikuwa umeunga kwa asilimia 82 ya waliowekewa skrubu, na kwa asilimia 45 tu ya wasiowekewa. Kwa kigezo cha kuunga, skrubu ilishinda waziwazi.

Hata hivyo, matokeo ya afya yaliyohesabiwa kuwa mazuri au mazuri sana yalikuwa asilimia 76 kwa waliowekewa skrubu na asilimia 85 kwa wasiowekewa, na tofauti hiyo haikuwa na uzito kitakwimu. Kwa maneno mengine, mifupa iliunga zaidi bila wagonjwa kupata nafuu zaidi. Katika mwaka huo huo, Thomsen na wenzake wa Denmark, waliochunguza wagonjwa 130, hawakupata hata tofauti ya kuunga yenye uzito kitakwimu, huku baadhi ya waliowekewa skrubu wakipata matatizo ya neva kwa sababu ya skrubu iliyokaa vibaya. Kwa hiyo, hata kiungo cha kwanza cha mnyororo, kutoka kushika hadi kuunga, si cha kudumu katika kila aina ya wagonjwa.

Wanaotetea skrubu huweza kujibu kwa Kornblum na wenzake (2004), waliofuatilia wagonjwa 47 kwa miaka mingi zaidi. Matokeo mazuri au mazuri sana yalipatikana kwa asilimia 86 ya waliounga vyema, na kwa asilimia 56 ya wasiounga. Jibu hili ni zito, kwa sababu linaonesha kwamba miaka miwili huenda ikawa michache mno kwa kuamua. Lakini wagonjwa hao 47 hawakuwekewa skrubu hata mmoja. Utafiti huo ulilinganisha waliounga na wasiounga, na hakuna aliyepangwa kwa nasibu aunge au asiunge. Aliyeunga huenda alikuwa na mfupa bora na afya bora tangu mwanzo. Kuchukua kiungo kimoja kwa Fischgrund na kingine kwa Kornblum, kisha kuhitimisha kwamba skrubu huponya, ni kujenga hoja ambayo hakuna utafiti wowote kati ya hizo mbili uliyoipima.

5.0 Kigezo cha kupona

Ulinganisho wa njia ya jadi na ya gamba kwa wagonjwa walio hai ulifanywa kwa nasibu na Lee na wenzake (2015) nchini Korea Kusini, kwa wagonjwa 79 waliounganishwa pingili mbili jirani. Kiwango cha kuunga hakikutofautiana kitakwimu. Tofauti zilionekana katika upasuaji wenyewe: njia ya gamba ilikuwa na mkato mfupi, muda mfupi na upotevu mdogo wa damu.

Faida hizo si ndogo, lakini zinatokana na mahali pa kuingilia, si na nguvu ya kushika iliyokuwa sababu ya kuibuni mbinu. Pia, wagonjwa hao waliwekewa kizibo kati ya miili ya pingili, na kizibo hicho hubeba sehemu ya mzigo. Pale kizibo kinapobeba, tofauti ya skrubu hufichika. Basi usawa uliopatikana hauthibitishi kwamba skrubu hizo zingekuwa sawa pasipo kizibo.

Kigezo cha usalama nacho kina utata wake. Gertzbein na Robbins (1990) walipanga madaraja ya skrubu iliyotoboa ukuta wa pedikeli kwa hatua za milimita 2. Madaraja hayo hupima umbali, hayapimi upande. Skrubu ya jadi huelekea ndani, upande wa mfereji wa neva, ilhali ya gamba huelekea nje. Kutoboa kwa milimita 3 kuelekea mfereji na kutoboa kwa milimita 3 kuelekea pembeni ni daraja moja kwenye jedwali, lakini si hatari moja kwa mgonjwa.

6.0 Nani aliyepimwa?

Tafiti za kimatibabu zilizotajwa hapo juu zilihusu hasa uchakavu na maumivu ya muda mrefu. Katika Afrika Mashariki, ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya majeraha ya uti wa mgongo, na wengi wa majeruhi ni vijana wenye mfupa sponji imara. Hoja kuu ya njia ya gamba, yaani kukwepa mfupa dhaifu, haiwagusi kwa kiwango kile kile. Kuhamisha matokeo ya mzee wa Seoul kwenda kwa kijana dereva wa bodaboda kunahitaji ushahidi wake wenyewe.

7.0 Hitimisho

Kiswahili kina vitenzi vitatu kwa mambo matatu: chuma hushika, mfupa huunga, mtu hupona. Mgonjwa anayeombwa ridhaa kwa Kiswahili ana haki ya kuelezwa ni kitenzi kipi kinachoungwa mkono na ushahidi. Kwa ushahidi uliohakikiwa hapa, linaloweza kusemwa ni hili: njia ya gamba hushika walau sawa na ya jadi, huunga kwa kiwango kisichotofautiana katika upasuaji wenye kizibo, na hupunguza mkato. Kwamba mgonjwa hupona zaidi, hilo halijathibitishwa. Inapendekezwa kwamba tafiti linganishi zijazo zitenganishe vigezo hivi vitatu tangu kwenye malengo yake, zioneshe upande wa kila skrubu iliyotoboa, na ziwahusishe majeruhi wa ajali kama kundi linalojitegemea.