Soma Mpemba Mwenyewe

Makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne, iliyotoka 1969 kwenye jarida la Physics Education, ni kurasa chache tu. Jina lake ni neno moja na alama ya kuuliza: Cool? Wengi wetu tunaijua kwa kusimuliwa. Ati kijana wa Tanzania alitia maziwa moto kwenye friza yakaganda kabla ya yaliyopoa. Basi. Ukiisoma yenyewe utapata zaidi ya hapo.

Nusu ya kwanza ni ya Mpemba. Ni 1963, yuko kidato cha tatu shule ya Magamba, wanatengeneza aiskrimu, na akingoja maziwa yapoe atakosa nafasi kwenye friza. Mwalimu anamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa kule Iringa, kila akikosea darasa linamcheka: hizo ni hesabu za Mpemba. Anasimulia haya yote bila kulalamika, na ndiyo maana yanauma.

Nusu ya pili ni ya Osborne, mwalimu wa fizikia Dar es Salaam, aliyeulizwa swali hilo alipotembelea Mkwawa na akaenda kulijaribu. Anatuambia hata habari za fundi wake wa maabara, aliyekiri kwamba maji moto yalitangulia kuganda, kisha akaahidi kurudia jaribio mpaka jibu sahihi lipatikane. Nilicheka kwa sauti.

Shida yangu ni mgawanyo wenyewe: kijana anapewa kisa, msomi anapewa grafu. Na bado Mpemba alishapima mwenyewe, kwa bika mbili ndogo kwenye maabara ya biolojia. Tena anataja jambo ambalo simulizi nyingi nilizosoma zinaliruka: rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alikuwa tayari anagandisha mchanganyiko ukiwa moto, ili awahi. Si ni kama hapa Jamhuri? Mama wa chapati anakanda unga kwa maji ya moto ili ziwe laini, na hajangoja mtu wa kemia amweleze sababu. Kudhibiti kitu kunaweza kutangulia kukielewa.

Siku hizi jina la Mpemba liko kwenye fizikia ya kwantumu. Mwaka 2024 watafiti walichapisha jaribio lililofanywa Innsbruck, Austria, kwa ayoni 12 zilizonaswa na kuongozwa kwa leza. Fikiria kila ayoni ni dira ndogo. Ukiziinamisha zaidi, unavunja zaidi ulinganifu wa mfumo. Ungetegemea ulioharibiwa zaidi uchelewe kurudi. Lakini walipopima sehemu ya msururu ule, uliovunjwa zaidi uliwahi kurejea. Hakuna barafu wala friza, ila umbo la swali ni lile la Magamba. Tena maji yenyewe bado yana ubishi: mwaka 2016 Burridge na Linden walipima na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha.

Kwa hiyo sisomi makala hii kama ushindi wa kijana dhidi ya mwalimu. Naisoma kama maandishi ya mtu aliyekataa kuachana na alichokiona kwa macho yake. Ningependa kuiona kwa Kiswahili, mikononi mwa watoto wa sekondari. Atakayeitafsiri asimkate yule muuzaji wa Tanga.