Kanuni na Kazi Yake: Udumavu na Ubunifu katika Michezo ya Video ya Kuigiza Uhusika

Katika uhakiki wa michezo ya video ya kuigiza uhusika, yaani michezo ambayo mchezaji humwongoza mhusika anayekua kadiri hadithi inavyoendelea, imezoeleka kupima ubunifu kwa ukubwa: upana wa ramani, wingi wa silaha, uangavu wa picha. Kipimo hicho hakitoshi. Makala haya yanadai kuwa utanzu huu hudumaa pale kanuni zake zinaporithiwa bila kuulizwa zinafanya kazi gani katika masimulizi, na huchipua pale kanuni ileile kongwe inapopewa uamilifu mpya. Dai hilo linatetewa kwa kuchunguza Undertale (2015) wa Toby Fox na Disco Elysium (2019) wa studio ya ZA/UM.

Asili ya kanuni hizo inajulikana. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ulitokana na michezo ya kuiga vita. Mhusika wake alielezwa kwa namba: nguvu, akili, hekima, wepesi, ustahimilivu na haiba. Alikuwa pia na pointi za uhai, pointi za uzoefu na ngazi za kupanda. Namba hizo zilihamia kwenye kompyuta kupitia michezo kama Ultima na Wizardry, yote miwili ya mwaka 1981. Kisha Dragon Quest wa Yuji Horii, uliotoka Japani mwaka 1986, ukazirahisisha na kuzieneza. Katika uhamisho huo kuna jambo lililopotea. Mezani, namba zilisimamiwa na msimulizi aliyeweza kuzilegeza hadithi ilipodai hivyo. Ndani ya kompyuta msimulizi huyo hayupo. Namba ikawa sheria.

Matokeo yake ni mgongano kati ya masimulizi na kanuni. Hadithi humsifu shujaa kwa huruma yake, ilhali kanuni humlipa kwa kila kiumbe anachokiua. Kwa lugha ya kisarufi, mchezo wa namna hiyo unaweza kuwa na vitenzi vingi katika mazungumzo ya wahusika, lakini kitenzi kimoja tu, kuua, ndicho kinachomkuza mhusika. Kuongeza majoka, miji na panga ni kupanua msamiati bila kuigusa sarufi.

Undertale unaigusa sarufi hiyo kwa kutumia alama zilezile. Herufi EXP na LV zinaonekana mahali pake pa kawaida, na mchezaji mzoefu huzisoma bila kufikiri: uzoefu na ngazi. Mapema kabisa, mhusika Flowey humweleza kuwa LV ni LOVE, neno ambalo kwa Kiingereza ni upendo. Mchezo unapokaribia mwisho ndipo mhusika Sans anapofichua kuwa EXP ni kipimo cha mauaji, na kwamba LOVE nayo ni kifupisho cha maneno yenye maana ya kiwango cha ukatili. Hakuna namba iliyobadilika. Kilichobadilika ni fasiri yake. Aidha, mchezaji anaweza kufika mwisho bila kumuua yeyote, akabaki katika ngazi ya kwanza. Hapo ngazi isiyopanda inakuwa ushahidi wa maadili, na kanuni inasema kile kinachosemwa na hadithi.

Disco Elysium unafuata njia nyingine. Mpelelezi aliyepoteza kumbukumbu anachunguza mauaji katika mji wa Revachol. Ana stadi 24 zilizogawanywa katika makundi manne, na mafanikio yake huamuliwa kwa dadu mbili. Yote hayo ni urithi. Hata usahaulifu wa mhusika mkuu ulikwishatumika katika Planescape: Torment (1999). Upya upo katika tashihisi: stadi zinazungumza. Mantiki hubishana na Huruma, Mamlaka hudai kuheshimiwa, na si kila ushauri wao ni mwema. Namba iliyokuwa sifa ya mhusika imekuwa mhusika. Vilevile, hakuna mfumo wa pekee wa mapigano, na dadu inapokataa, mara nyingi kushindwa huko hufungua tukio jipya badala ya kuifunga hadithi. Hata hivyo, mchezo huu una mipaka yake: muuaji hubaki yuleyule, chochote atakachochagua mchezaji. Uhuru anaopewa ni wa kuamua mpelelezi atakuwa mtu wa namna gani, si wa kuamua kesi itaishia wapi.

Yasihitimishwe kutokana na mifano hii kwamba kaida ni adui wa ubunifu. Ukiushi wa Undertale hauna maana kwa mtu asiyeijua kaida inayokiukwa. Nao Baldur's Gate 3 (2023), wa studio ya Larian ya Ubelgiji, umejengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons zenyewe, lakini unamtuza pia mchezaji anayemaliza ugomvi kwa maneno. Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wanalifahamu suala hili. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1974, na mjadala kuhusu arudhi uliopamba moto katika miaka hiyo ulionyesha kuwa shairi halifi kwa kuwa na vina na mizani, wala halifufuki kwa kuviacha. Hufa pale vina vinapojazwa ili vitimie tu.

Mhakiki wa michezo hii, basi, ana swali la kuanzia lililo thabiti kuliko hesabu ya ukubwa: kanuni hii inamfanya mchezaji atende nini, na tendo hilo linaafikiana vipi na kinachosimuliwa? Mchezo wenye ramani pana usioweza kujibu swali hilo umerudia tu ulichorithi. Mchezo mdogo unaolijibu umeusogeza utanzu mbele, hata kama dadu zake ni zilezile za mwaka 1974.