Umri wa Lee-Enfield Husomwa Sehemu kwa Sehemu

Bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba katika Vita Vikuu vyote viwili na ambayo kaskazini mwa Kenya ilijulikana zaidi kwa jina la Mark 4 ikiwa mikononi mwa polisi wa akiba, hudhaniwa kuwa rahisi kukadiriwa umri kwa sababu mwaka umegongwa kwenye chuma chake. Hata hivyo, mwaka huo huhusu kipande kimoja tu, nayo silaha iliyotumikia jeshi kwa miongo kadhaa mara nyingi huwa imebadilishwa bolti, mtutu au mbao, hivyo mkadiriaji hulazimika kusoma kila sehemu kivyake, kisha aone kama ushahidi wa sehemu zote unaafikiana.

Baada ya kuhakikisha kwamba chemba na magazini hazina risasi, usomaji huanzia kwenye pete ya chuma inayoshikilia kitako, nyuma ya kifyatulio. Katika toleo la Mark III, lililoidhinishwa mwaka 1907, upande wa kulia wa pete hiyo hugongwa taji, herufi za mfalme aliyekuwa akitawala, yaani ER kwa Edward na GR kwa George, jina la kiwanda kama Enfield au BSA, mwaka, na toleo lenyewe. Nyota ndogo ikifuata tarakimu III humaanisha toleo lililorahisishwa mwaka 1916 ili viwanda viharakishe kazi ya vita, kwa kuacha kibao kilichozuia risasi za magazini pamoja na vilengeo vya pembeni vya masafa marefu; kwa hiyo nyota kwenye bunduki yenye mwaka 1912 ni dalili kwamba bunduki ilifanyiwa marekebisho baada ya kutoka kiwandani. Katika Namba 4, ambayo ndiyo Mark 4 ya mazungumzo ya Wakenya, alama hutafutwa upande wa kushoto, na herufi FTR zikifuatwa na mwaka huonyesha kwamba silaha ilirudishwa kiwandani ikafanyiwa ukarabati kamili.

Hatua ya pili ni kulinganisha nambari za usajili, hasa ile ya kiwiliwili cha bunduki na ile iliyogongwa kwenye mkono wa bolti. Zikitofautiana, bolti imetoka kwenye silaha nyingine, jambo ambalo hushusha bei kwa wakusanyaji na vilevile huzua hatari, kwa kuwa nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ilipimwa kwa kila bunduki. Ndiyo sababu vichwa vya bolti vya Namba 4 vilitengenezwa kwa vipimo vilivyopewa namba kuanzia 0 hadi 3.

Mtutu, kwa upande wake, hueleza zaidi jinsi silaha ilivyotunzwa kuliko unavyoeleza umri. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi iliyovuta unyevu, hivyo askari alitakiwa kuusuuza mtutu kwa maji ya moto kabla ya kuupaka mafuta, na pale alipozembea, kutu ilikula mifereo ya ndani inayoizungusha risasi. Mdomo wa mtutu ukiwa umelika upande mmoja, kwa kawaida chanzo ni kamba ya kusafishia iliyovutwa ikisugua ukingo kwa miaka mingi.

Toleo linalodai uangalifu mkubwa zaidi ni Namba 5, bunduki fupi iliyotengenezwa kati ya 1944 na 1947 kwa ajili ya vita vya msituni, ambayo pia ilitumiwa na majeshi ya Uingereza katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Kwa kuwa Namba 4 iliyokatwa mtutu na kuongezewa koni ya kuficha mwale hufanana nayo kwa nje, mkadiriaji hufungua mbao na kutafuta mahali ambapo kiwanda kilipunguza chuma kwenye kiwiliwili na kwenye shina la mtutu ili kupunguza uzito. Pasipo mikato hiyo, bunduki ni ya kuigiza hata kama umbo lake linavutia.

Thamani ni swali jingine. Nchini Kenya silaha ya moto humilikiwa kwa cheti chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na isiyo na cheti haina bei halali, hata iwe nzima kiasi gani. Nayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kwa kuwa Lee-Enfield iliidhinishwa mwishoni mwa mwaka huo huo, hakuna hata moja inayoweza kufuzu kwa umri peke yake. Martini-Henry, iliyoanza kutumika mwaka 1871, yaweza kufuzu, ila alama zake hutaja mwaka wa kutengenezwa, si wa kuingia nchini, na pengo hilo huzibwa na hati tu.

Umuhimu wa hati huonekana zaidi katika bunduki zilizoundwa na wapiganaji wa Mau Mau kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira, ambazo hazina nambari, kiwanda wala mwaka. Mbinu zote zilizotajwa hapo juu hugonga mwamba mbele ya silaha hizo, na kinachobaki ni kumbukumbu ya nani aliitumia, ilipatikana wapi na ilipitia mikono ya nani. Kwa jumba la makumbusho kama lile la Museum Hill jijini Nairobi, upande wa Westlands, bunduki ya bomba yenye historia iliyoandikwa vizuri yaweza kufaa kuliko Lee-Enfield yenye nambari zinazolingana lakini isiyojulikana ilikotoka. Kwa hiyo anayekadiria silaha Nairobi hana budi kuikagua hati kwa umakini ule ule anaokagulia chuma.