Mkono Unaounga Pasheni

Anayejua kuunga pasheni, kwangu mimi, ni fundi wa daraja moja na mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka.

Pasheni ya zambarau inapendwa sokoni kwa utamu na harufu yake, na ubaridi wa milima ya Kisii na Nyamira unaifaa. Udhaifu wake uko mizizini. Kuvu wa fuzari hupenya humo, akaziba mishipa ya maji, na mmea uliojaa maua ukanyauka ghafla. Kisha kuvu huyo hubaki udongoni miaka na miaka. Mwenye mashamba mapana angehamia kwingine. Aliyerithi robo ekari ahamie wapi?

Pasheni ya manjano huustahimili mnyauko huo, ila ni chachu, na joto la nyanda za chini ndilo hasa inalolipenda. Basi fundi huotesha mbegu ya manjano. Shina likifikia unene wa penseli, hulikata kichwa na kulipasua katikati. Kikonyo cha zambarau chenye unene uleule hukichonga umbo la kabari na kukizamisha humo, ganda likutane na ganda, kisha hufunga kwa utepe wa plastiki na kufunika kisikauke. Kisu kiwe kikali, tena kisafishwe kabla ya kugusa mche mwingine, maana shina la manjano halizuii virusi vinavyofanya tunda kuwa gumu kama mti. Usafi huo ndio unaonifanya nimvulie fundi kofia.

Watafiti huenda mbali zaidi, wakazichanganya mbegu zenyewe. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufumba kufikia adhuhuri, saa ambayo la manjano ndiyo kwanza linafunguka. Anayetaka kuyaoza hana budi kuyavizia, chavua mkononi. Australia wamepata machotara kwa njia hiyo. Hapa kwetu, kituo cha utafiti cha Thika kilitoa KPF 4, pasheni ya manjano iliyo tamu. Ni kazi ya subira kubwa, na inastahili fedha zaidi ya inazopewa.

Nawe unayenunua miche, kagua kiungo kabla ya kulipa. Ukipanda, kiungo kibaki juu ya udongo kiasi cha shibiri moja. Kikifukiwa, zambarau itaota mizizi yake yenyewe, na ugonjwa utaingilia hapo.