Ufundi wa Kuzipima Seli Safarini

Gloriosa superba ni mmea mtambaazi wenye maua mekundu yaliyozungukwa na manjano, unaojiotea vichakani Afrika Mashariki. Kiazi chake hufanana na kiazi kikuu, na huko Sri Lanka wapo waliokila kwa kukidhania chakula, wakafa. Kinachoua ni kolchisini, kemikali ileile ya Colchicum autumnale ya Ulaya, ambayo Pelletier na Caventou wa Ufaransa waliitenga mwaka 1820. Na kemikali hiyohiyo, ikipimwa vyema, humtuliza mgonjwa wa jongo asiyeweza kuvumilia hata shuka iguse kidole gumba cha mguu.

Hutulizaje? Katika jongo, fuwele za asidi ya yuriki hujikusanya ndani ya kiungo, na seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili huzikimbilia kwa wingi. Zikifika humwaga kemikali zake. Kiungo kikavimba na kuwaka moto. Kolchisini huinasa tubulini, protini inayoijengea seli nyuzi zake za ndani. Nyuzi zisipojengeka, seli haishiki njia yake sawasawa.

Lakini ilibidi kwanza uhamaji huo upimike, na hapo ndipo ninapowapa heko mafundi wa maabara. Mwaka 1962 Stephen Boyden, akiwa Australia, alieleza kifaa cha vyumba viwili vilivyotenganishwa na chujio. Juu huwekwa seli, chini kivutio, yaani kemikali ya kuzivuta. Matundu ya chujio ni ya mikromita 3 hivi, ilhali seli huzidi upana huo mara kadhaa. Ndipo ijibane na kujinyoosha ipenye. Saa chache baadaye fundi hulitoa chujio kwa koleo, hulitia rangi, kisha huinamia hadubini kuhesabu zilizovuka.

Kiputo kimoja cha hewa kikinaswa chini ya chujio, kivutio hakizifikii seli za sehemu ile na hesabu yote imeharibika. Kwa hiyo fundi hukijaza chumba cha chini mpaka maji yatune kidogo juu ya ukingo, akalilaza chujio kuanzia upande mmoja, taratibu, hewa ikitangulia kutoka.

Tena zipo seli zinazohangaika tu. Mwaka 1973 Sally Zigmond na James Hirsch walionyesha namna ya kuzitambua: kivutio kiwekwe juu na chini kwa kiasi sawa. Zikiendelea kuvuka, basi haziitikii wito wowote, zimechangamka tu.

Ninaloliheshimu kuliko yote ni hili: seli iliyokufa nayo haihami. Mtu akizimwagia seli maji ya jani lolote kali, akaona hazivuki, akatangaza amepata dawa ya uvimbe, hajathibitisha kitu. Fundi wa kweli huchota seli zilezile akazitia rangi ya tripani. Zilizokufa hugeuka buluu. Zilizo hai huikataa. Ni kazi ya dakika chache, na natamani kila ripoti ya mitishamba ianze na hesabu hiyo.

Kwa kolchisini, swali la kuzuia au kudhuru liliwafuata wagonjwa hadi kitandani. Kwa miaka mingi walimezeshwa vidonge saa baada ya saa mpaka maumivu yapungue au waanze kuharisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha miligramu 4.8 zilizogawanywa kwa saa sita na miligramu 1.8 ndani ya saa moja. Nafuu ilikaribiana. Walioharisha kwa dozi kubwa walikuwa takriban asilimia 77. Kwa dozi ndogo, 23.